Tawi Alilobakiza Mjomba

Mjomba anapokaa kubebesha, redio huzimwa. Watoto walio karibu hutumwa dukani, hata kama hakuna cha kununua. Kelele hazimkeri, anasema tu kwamba sikio lake nalo lina kazi. Kikonyo kilichoiva vizuri, wembe ukipita, hutoa mlio mfupi na mkavu, kama ukucha unaokatwa. Kilicholegea hakisemi kitu. Nilikaa naye asubuhi nzima ya mwezi wa Novemba nikiutega mlio huo, na ilipofika saa nne nikaanza kuusikia, au nikaanza kujidanganya kwamba nausikia. Nilipomwambia, alicheka. Alisema hata yeye alianza hivyo hivyo.

Nyumba yake ni mwendo mfupi kutoka njia panda ya Nanganga, pale barabara ya Mingoyo kwenda Masasi inapoachana na ile ya Ruangwa. Ukisimama mlangoni ukatazama kusini, unaona ukingo wa uwanda wa Makonde umesimama kama ukuta, na huko juu, mbele zaidi, ndiko Newala. Nyuma ya nyumba kuna banda la nyasi, na chini ya banda viriba vyeusi vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na mche wake wa mkorosho. Kazi ya mjomba ni kuukata kichwa kila mche na kuuvika kingine.

Watu wa mbali wakisikia Mmakonde na kisu, akili zao hukimbilia mpingo na vinyago. Kisu ninachokisifu hapa ni kidogo kuliko hicho. Ni wembe wa dukani uliovunjwa katikati, nusu ikachomekwa kwenye kijiti na kufungwa uzi.

Kazi yenyewe huanza siku nyingi kabla ya wembe. Kwanza mjomba huuendea mkorosho aliouchagua kuwa mama. Huangalia ncha za matawi ya nje, yale yanayopigwa jua, zenye unene wa kalamu ya risasi. Hukata majani yote na kubakiza vishikio vyake tu, kisha huondoka. Ncha hiyo, ndiyo kikonyo, haijakatwa, imevuliwa nguo tu. Mti, ukiona ncha zake hazina majani, hupeleka nguvu kwenye macho yaliyolala ili yachipue upya. Baada ya siku saba hadi kumi mjomba hurudi na kugusa vile vishikio kwa kidole. Vikidondoka kwa kuguswa tu, macho yamevimba na kikonyo kiko tayari. Vikishikilia, hakati hata kimoja, japo ametembea saa nzima kufika pale. Nimemwona akirudi mikono mitupu, mfuko umekunjwa kwapani, na hakuonyesha kwamba amepoteza siku.

Mche wa chini nao una hesabu zake. Korosho za mbegu hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Inayoelea hutupwa, inayozama huenda kiribani, upande ule ulioungana na bibo, tunda lake, ukitazama juu. Mche ukifikisha mwezi mmoja na nusu hadi miwili, shina bado ni laini na lina maji ya kutosha. Hapo ndipo wembe hushuka. Mjomba hukata kichwa cha mche, huacha majani machache ya chini ili uendelee kula, kisha hupasua shina katikati kwa kina cha vidole viwili hivi. Kikonyo hukichonga kabari: mkato mmoja upande huu, mmoja upande ule. Mikato ni miwili tu. Mtu akiongeza wa tatu ili kurekebisha, kabari hupata bonde, na bonde hilo ndilo kaburi la mche.

Baada ya kuchomeka kabari kwenye mpasuo, huinua kiriba hadi usawa wa macho na kuutazama muungano dhidi ya mwanga wa nje ya banda. Mwanga ukipenya hata kama uzi, huchomoa na kutupa. "Mwanga ukipita, maji hayatapita," alinieleza. Chini ya gome la mti kuna ngozi nyembamba ya kijani, na uhai wote unapita humo. Ngozi ya kikonyo lazima iguse ngozi ya shina. Vikitofautiana unene, hukiegemeza kikonyo upande mmoja ili angalau upande huo ukutane sawasawa. Ukikiweka katikati kwa kutafuta uzuri wa macho, pande zote mbili zitakosana.

Kisha hufunga utepe wa nailoni, na hapa nilimwomba arudie mara tatu, kwa kuwa mikono yake ilikwenda kasi kuliko macho yangu. Huanza chini ya jeraha na kupanda, kila mzunguko ukilalia ule wa chini yake, kama mtu anayeezeka nyasi kuanzia mchirizini kwenda kileleni. Sababu ni ile ile: maji yateremke juu ya utepe, yasiingie ndani. Mwisho hukivika kikonyo kifuko chembamba cha nailoni, kama vile vya barafu za watoto, ili unyevu usitoroke. Halafu hupangusa wembe kwa kitambaa, maana utomvu wa mkorosho hugeuka mweusi na kunata, na wembe unaonata hurarua.

Nami nilijaribu. Kabari yangu ya kwanza ilikuwa na nundu, ya pili ilikuwa fupi kama jino, ya tatu ilipita mtihani wa mwanga nikajiona fundi. Mjomba aliichukua, akaigeuza, akaniuliza, "Mpwa wangu, macho yanatazama wapi?" Nilikuwa nimekichomeka kikonyo kichwa chini.

Baada ya hapo hakuna kinachofanyika kwa wiki mbili hadi tatu isipokuwa kumwagilia na kutogusa. Jicho likifunguka na kijani kikaonekana ndani ya kifuko, mche umeshika. Likisinyaa likawa jeusi, umekufa. Mjomba hakagui kila siku. Anasema mche unaokaguliwa kila siku hufa kwa kushikwashikwa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusumbuke hivyo wakati mbegu ya mkorosho huota yenyewe popote inapodondoka. Jibu ni kwamba mbegu ya mkorosho haifuati mama. Mdudu huleta chavua kutoka mti wowote wa jirani, na mtoto akizaliwa huwa na tabia zake mwenyewe. Ukipanda korosho kumi kutoka mti uliokupa gunia zima, unaweza kupata miti mitatu mizuri, minne ya wastani na mitatu ya kuni. Njia ya uhakika ya kuurudia mti mzuri kama ulivyo ni kuchukua kipande chake na kukibebesha kwenye mizizi ya mwingine.

Kwa karne kadhaa jambo hilo halikuwa na uzito. Wareno waliuleta mkorosho kutoka Brazil katika karne ya 16, ukaikubali pwani yetu na ardhi ya kichanga ya kusini, ukawa mti wa kila boma. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na kuiacha miti yao mbali, bei ilikuwa mbovu, na juu ya hayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa umeingia ubwiriunga. Jina lake linajieleza: maua na majani machanga hupakwa ungaunga mweupe, kisha hukauka na kupukutika kabla ya kuwa korosho. Mti husimama mzima, majani yake makubwa yakimetameta, lakini hauna kitu.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kilichoanzishwa mwaka 1970, kilitafuta majibu mawili. La haraka lilikuwa unga wa salfa, unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni alfajiri, umande ungali kwenye maua na upepo haujaamka, mara nne au tano kwa msimu. La polepole lilikuwa kupita kati ya maelfu ya miti, kutafuta iliyovumilia ubwiriunga na kuzaa vizuri, na kuigeuza kuwa mama wa vikonyo. Leo kituo hicho kimetoa zaidi ya aina 50. Wakulima huziita kwa herufi na namba, kama vile AC4, utadhani ni namba za mabasi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Nyuma ya hesabu hiyo kuna bei, ruzuku, salfa na stakabadhi ghalani, lakini kuna pia watu kama mjomba, na kabari nyingi zisizo na bonde.

Sasa umekuja mtihani mwingine, na huu hauna unga wa kuupulizia.

Mkorosho huishi kwa kalenda. Kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Zikikatika, mti huchipua majani mapya. Baridi ya Juni na Julai inapoushika uwanda, maua hutoka, na korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba. Ni mti unaozaa wakati mimea mingine imenyauka, kwa kuwa mizizi yake imechimba chini sana kwenye mchanga. Huko Newala, ambako kina mama walikuwa wakishuka ukingo wa uwanda kutafuta maji bondeni kabla ya mradi wa maji wa Makonde, mkorosho ulisimama kijani bila kumwagiliwa na mtu. Unachodai ni kimoja: miezi ya maua iwe mikavu. Mvua ikianguka juu ya maua, ukungu hufuata. Ikianguka wakati wa kuokota, korosho huingia madoa na kushuka daraja.

Kalenda hiyo ndiyo inayoyumba. Mjomba hasomi ripoti za hali ya hewa, ila ana daftari la shule alimoandika mvua ya kwanza na ya mwisho ya kila mwaka, na ua la kwanza lilipoonekana kwenye mti fulani nyuma ya choo. Kurasa za mwanzo zinafanana. Za karibuni hazifanani hata mbili. Ameandika Kenneth, kimbunga kilichopiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, na Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, wakati ambao mikorosho ilipaswa kuwa inajiandaa kuchipua majani mapya. Mwaka mmoja ameandika maneno mawili tu: "Julai mvua." Chini yake amepiga mstari mara mbili.

Daftari hilo lina ndugu yake mkubwa. Katika mji wa Beaune, Ufaransa, tarehe za kuvuna zabibu zimefuatiliwa kuanzia mwaka 1354, na watafiti waliozipanga waligundua kwamba tangu 1988 mavuno yameanza takriban siku 13 mapema kuliko zamani. Wakulima wa mvinyo wanahangaika na swali lile lile la mjomba: utafanya nini mti ukiwa palepale na majira yamehama? Nao wanaujua wembe. Mdudu filoksera alipoila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19, waliinusuru kwa kubebesha vikonyo vyao juu ya mizizi ya Marekani, na hadi leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya imesimama juu ya miguu ya ugenini. Hapa kwetu, wakulima wa zabibu wa Dodoma wamejifunza mbinu nyingine: mzabibu usioujua msimu wa theluji hupogolewa ili ulale na kuamka kwa amri ya mkasi, nao huzaa mara mbili kwa mwaka.

Sitaji mvinyo kwa kujipamba. Kusini nako kuna mvinyo wake. Bibo, lile tunda la njano au jekundu linaloning'iniza korosho, huwa zito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe, na halikai. Likianguka asubuhi, jioni limeanza kuchacha. Hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke, yakawa uraka. Yakichemshwa na kukingwa mvuke, hutoka nipa, ambayo haisemwi kwa sauti mbele ya afisa. Uraka mzuri huanza na utamu, kisha huacha ulimi umekunjamana kidogo. Sisi huita ukakasi, nao Wafaransa hulipia fedha nyingi kuupata kwenye chupa zao. Mjomba huonja bibo la kila mti kabla ya kuuchagua kuwa mama. Naliendele hawakumfundisha hilo. Anasema korosho huenda kwa wengine, na bibo ndilo linalobaki nyumbani.

Alasiri alinipeleka shambani. Miti ya babu yake ilipandwa karibu karibu, na ilipokua matawi yaliingiliana hadi jua halikufika chini. Kivuli hicho ni kitanda cha ubwiriunga. Machipukizi ya ndani ya mti huuhifadhi ugonjwa wakati wa mvua, ukingoja maua. Wengi wangeng'oa na kupanda upya. Mjomba huchagua mstari mmoja na kuuacha mwingine, ili nyumba isilale njaa, na ule mstari uliochaguliwa huukata kati ya goti na kiuno, kwa mshazari ili mvua iteleze. Kisiki huchipua kwa hasira, machipukizi kwa makumi. Hubakiza machache yaliyokaa vizuri, na yakifikia unene wa kalamu, huyabebesha kwa wembe ule ule. Baada ya miaka miwili hivi kisiki kinazaa. Mche mchanga, hata uliobebeshwa, bado ungekuwa unatafuta maji chini. Kisiki kilishayapata tangu enzi za babu.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kilele cha ufundi wake. Mzizi ule umevuka miaka ya njaa, umepita katikati ya kokoto zote za chini, unajua maji yako wapi. Kichwa ndicho kilichopitwa na wakati. Mjomba hutenganisha mambo hayo mawili kwa mkato mmoja, bila kumvunjia heshima aliyepanda.

Kwenye kisiki kimoja, ukingoni mwa shamba, niliona kitu nilichodhani ni uzembe. Vichwa vitatu vipya vilikuwa vimeshika vizuri, lakini pembeni tawi moja la zamani lilikuwa limeachwa, limepinda, limefungwa kitambaa cha kitenge kilichochujuka. Nikamuuliza.

Alisema alilibakiza mwanzoni ili kisiki kisife kwa kukosa majani. Kwa kawaida tawi la namna hiyo huondolewa vichwa vipya vikishika. Alipofika na msumeno mwaka ule, ilikuwa ndiyo ile Julai ya mistari miwili. Vichwa vipya vilikuwa vimechanua vyote pamoja, kama vilivyoumbwa kufanya, na mvua ilivikuta vyote pamoja. Maua yakawa meusi. Tawi la zamani lilikuwa bado halijatoa hata ua moja; daima lilikuwa mvivu, na mama yake mjomba alizoea kulitukana. Lilichanua mvua ilipokwisha. Akapata ndoo mbili za korosho kutoka tawi moja, katika mwaka ambao vichwa vipya vyote havikumpa hata sahani.

"Kwa hiyo tawi la zamani ni bora," nikasema.

Alinitazama kama alivyotazama kabari yangu yenye nundu. Miaka mingine yote, alieleza, tawi hilo ni hasara. Likichelewa kuchanua, hukuta ubwiriunga umeshajaa shamba zima. Vichwa vipya huzaa zaidi, na korosho zake ni kubwa na zinalingana. Lakini yeye hajui mwaka ujao utakuwa upi, na wembe haujui pia. Tangu siku ile, kwenye kila kisiki hubebesha aina zaidi ya moja, ya kuwahi na ya kuchelewa. Hilo lina gharama. Korosho huiva kwa zamu, kuokota kunachukua wiki nyingi zaidi, na karani wa mizani hukunja uso akiona ukubwa umechanganyika. Jirani zake waliobebesha aina moja shamba zima humcheka mwaka ukiwa mzuri, na mwaka ukiwa mzuri wana haki ya kumcheka.

Tulirudi jua likielekea kuzama. Chini ya banda aliendelea na safu ya mwisho ya viriba, nami nikimpokeza utepe. Mtu alipita barabarani akaita, "Njomba, miche ya kuuza ipo?" Mjomba akajibu ipo, njoo kesho, safu hii na ile. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa vikonyo vitatu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba lenye unyevu. Vilikuwa vyembamba kuliko vingine, vimepinda kidogo. Nikaitambua ile hali ya kupinda.

Akavichonga taratibu kuliko alivyochonga vyote siku ile. Mikato miwili, mikato miwili, mikato miwili. Akainua kila kimoja kwenye mwanga uliobaki, akakifunga kutoka chini kwenda juu, akakivika kifuko. Viriba hivyo vitatu akavisogeza pembeni, mbali na safu, karibu na ukuta wa nyumba.

"Hivi haviuzwi," alisema.

Kisha akapangusa wembe, akanyoosha mkono, akawasha redio.